Nimshonee mke wa mwanasiasa, au nitafukuza wateja?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nina duka la ushonaji hapa Nakuru mjini, cherehani nne na vijana watatu. Wateja wangu ni maharusi, walimu, wafanyakazi wa benki na wa kaunti, na kina mama wa makanisa. Juzi alikuja msaidizi wa mwanasiasa mmoja wa upande wa serikali. Anataka nimshonee mke wa bosi wake nguo za hafla tatu. Bei kwao si shida, ila wanataka picha niziweke kwenye kurasa zangu na nimtaje mheshimiwa kwa jina. Kwenye kundi letu la wabunifu, tangu maandamano ya vijana dhidi ya serikali, Juni 2024, hakuna anayegusa kazi za wanasiasa wa serikali, na anayegusa huitwa msaliti. Nilipodokeza tu, mmoja akanitumia habari za yule mbunifu wa Marekani aliyeshona gauni la Trump akaandamwa na watu. Mwingine akajibu kwamba yule alifaidika, hata akawa maarufu. Nani anasema kweli? Na mimi nichukue kazi au niache?

JIBU: Dada, wote wawili wanasema kweli, ndiyo maana hawajakusaidia. Kila mmoja ameangalia kundi moja la watu akaliita umma. Mbunifu anapokwenda kinyume na siasa za wenzake, wapo wanaomtukana, wapo wanaomshangilia, na wapo wanaonunua nguo zake. Hayo makundi matatu mara nyingi hayana hata mtu mmoja anayeingia yote. Wewe unaishi kwa kundi la tatu, na kwenye ule mjadala wenu sijaona aliyelitaja.

Tuanze na hilo gauni, maana limesimuliwa nusunusu. Ilikuwa tarehe 12 Februari 2017, usiku wa tuzo za muziki za Grammy. Mwimbaji Joy Villa alifika kwenye zulia jekundu amejifunika vazi jeupe. Akalivua mbele ya kamera, na chini yake kukawa na gauni la bluu lenye kaulimbiu ya kampeni ya Donald Trump kwa mbele, na jina la Trump kwenye mkia wa gauni. Aliyelishona ni Andre Soriano, mzaliwa wa Ufilipino aliyehamia Marekani.

Ili uelewe kwa nini watu walishtuka, angalia hali ya fani yao miezi hiyo. Oktoba 2016 jarida la Vogue lilitangaza kumuunga mkono Hillary Clinton, jambo ambalo halikuwa limewahi kumfanyia mgombea yeyote wa urais. Mhariri wake, Anna Wintour, alishajulikana kwa kuchangisha fedha za kampeni za Barack Obama. Novemba, siku chache baada ya Trump kushinda, Sophie Theallet, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi New York na ambaye alimvisha Michelle Obama kwa miaka mingi, aliandika barua ya wazi kusema hatamvisha Melania, mke wa Trump, akawaomba wenzake nao wakatae. Na wiki ileile ya gauni la Soriano, kwenye maonyesho ya mitindo ya New York, wabunifu walikuwa wamebandika beji za waridi za kuliunga mkono shirika la afya ya uzazi la Planned Parenthood. Kwa hiyo Soriano hakuvunja sheria yoyote. Alivunja makubaliano ambayo fani nzima ilikuwa imeyavaa kifuani wiki hiyohiyo.

Matusi yakamiminika, kama alivyokwambia mwenzako wa kwanza. Na usiku uleule wafuasi wa Trump wakakimbilia kununua albamu ya Joy Villa, ikapanda hadi kileleni mwa orodha za mauzo za Amazon. Hapo ndipo mwenzako wa pili alipopata ushahidi wake. Lakini tazama pesa ziliangukia wapi. Waliofurahi walinunua nyimbo. Wimbo unaununua ukiwa Texas, umelala kitandani, kwa kubonyeza mara moja. Gauni la kushonewa linataka uje upimwe, urudi kujaribisha, urudi tena kuchukua. Kelele zilikuwa na faida kwa mwenye kuuza kitu chepesi kusafiri. Mshonaji yeye alipata jina, na jina si chakula mpaka mtu aingie mlangoni.

Hili ndilo la kukaa nalo, dada, kwa sababu kazi yako ni kama ya Soriano kuliko ya Villa. Siku utakapoweka picha ya mke wa mheshimiwa, utapata mamia ya watu wa kukupa hongera kutoka Bomet, Kericho, labda mpaka Garissa. Hakuna hata mmoja atakayepanda matatu aje umpime kiuno.

Kuna visa vingine vitatu vya huko ambavyo ni bora kuliko hilo gauni, ingawa mabishano ya mitandaoni huwa hayavifikii.

Cha kwanza ni Ralph Lauren. Tarehe 20 Januari 2017 Melania alihudhuria kuapishwa kwa mumewe akiwa amevaa suti ya rangi ya samawati hafifu ya Ralph Lauren. Jioni haijafika, watu walikuwa wanatangaza kususia kampuni hiyo. Sasa, kwenye jukwaa lilelile la kuapisha alikuwepo Hillary Clinton, naye amevaa suti nyeupe ya Ralph Lauren. Mbunifu mmoja, siku moja, jukwaa moja, wapinzani wawili. Kampuni ilijieleza kwa ufupi kwamba kuapishwa kwa rais ni wakati wa nchi kupendeza mbele ya dunia, ikanyamaza. Kelele zikaisha zenyewe. Nadhani kilichomwokoa ni kwamba miaka yote alikuwa amevisha watu wa pande zote, kwa hiyo picha ya siku hiyo haikuweza kusomwa kama kiapo cha utii. Ambaye hana historia hiyo hana kinga hiyo.

Cha pili ni Dolce & Gabbana, na hapa kuna funzo la biashara tupu. Stefano Gabbana alikuwa akiweka picha za Melania aliyevaa nguo zake na kumshukuru hadharani. Watu wakaanzisha wito wa kuwasusia. Nyumba ile ikajibu kwa dharau: Juni 2017 wakatoa fulana yenyewe ikiwa imeandikwa wito wa kuwasusia, wakaiuza takriban dola 245. Wakacheka, wakauza. Mwaka uliofuata, Novemba 2018, wakatoa matangazo ya video yaliyomwonyesha mwanamke wa Kichina akihangaika kula pitsa kwa vijiti. Wachina wakaona wanadharauliwa. Onyesho kubwa lililopangwa Shanghai likafutwa siku yenyewe, na maduka makubwa ya mtandaoni ya China yakaondoa bidhaa zao. Safari hii hapakuwa na fulana ya mzaha. Waanzilishi wote wawili walikaa mbele ya kamera wakaomba radhi.

Ni watu walewale, kiburi kilekile. Tofauti ni kwamba kelele za 2017 zilitoka kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wakinunua gauni la Dolce & Gabbana hata kabla ya hapo, na za 2018 zilitoka kwa soko lenyewe.

Cha tatu ni Ivanka, binti wa Trump, aliyekuwa na lebo yake ya nguo na viatu vya ofisini. Wanunuzi wake walikuwa wanawake vijana wanaofanya kazi mijini, na kundi hilo lina wapinzani wengi wa baba yake. Februari 2017 maduka ya Nordstrom yakaacha kuuza bidhaa zake, yakisema mauzo yameshuka. Wafuasi wa baba wakakasirika, wakanunua manukato yake mpaka yakashika nafasi ya kwanza Amazon. Umeona tena, kitu chepesi cha kutumwa kwa posta. Julai 2018 lebo ikafungwa. Mwenyewe alisema anataka kushughulika na kazi yake Washington, na sina sababu ya kumbishia, ila sijaona lebo inayouza vizuri ikifungwa kwa urahisi hivyo.

Na usidhani hizo kanuni za fani hazibadiliki. Januari 2025 Melania alirudi kwenye kiapo amevaa koti la Adam Lippes na kofia ya Eric Javits, na jioni gauni la Hervé Pierre, yuleyule aliyemvisha kwa dansi ya kuapishwa ya 2017. Safari hii hakukuwa na barua ya wazi iliyotikisa fani kama ile ya Theallet. Malalamiko yalikuwepo, lakini yalikuwa ya kuguna. Kilichokuwa usaliti mwaka 2017, miaka minane baadaye kilikuwa oda ya kazi.

Turudi nyumbani. Kwetu mambo hubadilika haraka kuliko huko, na Nakuru ni shahidi mzuri kuliko miji mingi.

Kumbuka Agosti 2022. William Ruto alishinda kaunti ya Nakuru, Susan Kihika akachukua ugavana kwa tiketi ya UDA, chama cha Ruto chenye rangi ya njano, na fundi aliyekuwa akishona vitambaa vya njano alikuwa anashangiliwa na mtaa. Njoo Oktoba 2024, Seneti ikamwondoa Rigathi Gachagua kwenye kiti cha naibu rais, na sehemu kubwa ya wateja walewale wakageuka. Mei 2025 Gachagua akazindua chama chake cha DCP. Picha ya 2022 uliyoweka kwa furaha haikubadilika hata nukta moja, lakini sasa inasomwa kwa macho mengine kabisa.

Kisumu, ngome ya Raila Odinga, ikaenda upande wa pili. Mwaka 2022 na hata wakati wa maandamano ya 2023, ukipita mtaa wa Kondele na fulana ya njano ulikuwa unajitafutia balaa. Machi 2025 Ruto na Raila wakatia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja, watu wa ODM, chama cha Raila, tayari wakiwa mawaziri. Ghafla fundi wa Kisumu aliyewahi kuitwa msaliti kwa kushonea watu wa serikali akajikuta yuko upande mmoja na chama. Kisha Raila akafariki Oktoba mwaka huohuo, na sasa chama chenyewe kinavutana. Ukiniuliza leo ni rangi gani iliyo salama Kisumu kufikia uchaguzi wa Agosti 2027, sina jibu, na anayekwambia analo anakuuzia kitu.

Ndiyo maana nasema tatizo lako haliko kwenye gauni. Liko kwenye lile sharti la picha.

Soma tena ombi la huyo msaidizi. Mke wa mheshimiwa anaweza kushonewa Nairobi na mbunifu yeyote mwenye jina. Kwa nini waje kwako, duka la cherehani nne? Kwa sababu wewe unapendwa na watu ambao wao hawapendwi nao. Una maharusi, una walimu, una vijana wanaofuata kurasa zako, na tangu Juni 2024, siku ile vijana walipoingia Bungeni na Muswada wa Fedha ukaondolewa kesho yake, wanasiasa wa serikali wanahangaika kutafuta mlango wa kuingilia kwa kundi hilo. Pesa wanazotoa ni za nguo tatu tu. Picha yenye jina la mheshimiwa kwenye kurasa zako ni kitu kingine, ni tangazo la kisiasa, na hilo hawajakulipa. Wanalitaka liwe nyongeza, bure, kama anayenunua nyanya akaomba kitunguu cha juu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: ukiwa huna kinyongo naye moyoni, shona. Ila picha usiuze. Na kama unaona ni lazima uiuze, basi iwekee bei yake peke yake kwenye karatasi, uone kama bado wanaitaka. Mara nyingi ukitaja bei, hamu hupungua.

Najua kuna watakaoniambia kwamba hiyo ni njia ya kujificha, kwamba ukimshonea mtu umemsaidia, picha au bila picha. Hoja hiyo ina uzito na siidharau. Theallet aliisimamia. Aliona nguo zake ni sehemu ya sauti yake, na mtu akiona hivyo ana haki ya kukataa. Tom Ford alisema alikuwa ameombwa miaka ya nyuma kumvisha Melania akakataa kwa kuwa hakuona anaendana na sura ya nguo zake. Trump akajibu kwamba hakuwahi kumpenda, na hoteli moja ya Las Vegas, ya rafiki wa Trump, ikaondoa bidhaa za Ford madukani mwake. Tommy Hilfiger yeye alisema mbunifu yeyote anapaswa kujivunia kumvisha. Ford na Hilfiger waliendelea kula. Lakini walikuwa na majina ambayo hayategemei mtaa mmoja. Mimi nakujibu wewe, mwenye vijana watatu wa kulipa mwisho wa mwezi. Kama dhamiri yako inakataa, kataa, na usihitaji ruhusa ya mtu. Kama inayokataa ni hofu ya kundi la WhatsApp, hilo ni jambo jingine, na linapimika.

Lipime hivi. Fungua daftari lako la vipimo, lile lenye mabega, kifua, kiuno, nyonga na urefu wa mkono, la miaka miwili iliyopita. Tia alama kwenye kila jina lililorudi zaidi ya mara moja, na kwenye kila jina lililokuletea mwingine. Hao ndio umma wako. Wenzako wa kundi la wabunifu wako humo wangapi? Nadhani hakuna, maana fundi hashonewi na fundi mwenzake. Wenzako wanaweza kukuumiza kwa njia nyingine, kukunyima oda za kugawana msimu wa harusi, kukataa kukuazima fundi wa shanga au mashine ya ovaloki, yako ikiharibika, na hilo si dogo. Lakini si wao wanaolipa kodi ya chumba.

Kisha angalia waliobaki wanatoka wapi. Nakuru si mji wa kabila moja wala chama kimoja. Kwenye daftari hilohilo utakuta bibi harusi wa Bahati, mwalimu wa Njoro, karani aliyezaliwa Kakamega, mama wa kanisa anayetoka Molo. Hao wakikasirika hawaandiki chochote mtandaoni. Mteja wa Nakuru hasusii kwa kelele. Atakwambia, "Nitapita wiki ijayo," kisha humwoni. Utakutana naye barabarani Kenyatta Avenue amevaa kitenge kilichoshonwa kwingine, atakusalimia vizuri sana, na hutajua kamwe kilichotokea. Hiyo ndiyo sababu siamini hesabu za maoni na alama za kupenda. Aliyekutukana amekupa habari. Aliyenyamaza ndiye aliyeondoka na oda ya magauni thelathini ya kikundi cha kina mama.

Halafu kuna jambo ambalo mbunifu wa New York hawazii hata siku moja, nalo ni mlango wa duka. Mji huu tunaufahamu. Januari 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, tuliona biashara zikichaguliwa kwa jina la mwenye nazo. Sisemi tuko huko, wala sitaki ulale na hofu. Nasema tu kwamba picha yenye jina la mheshimiwa inabandikwa pia kwenye mlango wako, hata kama hujaibandika, na vijana wako watatu wanapita mlango huo kila asubuhi wakiwa na majina yao ya ukoo. Uamuzi huu si wako peke yako. Waulize kabla hujakubali, na uwaulize mmojammoja, si wote pamoja, maana wakiwa pamoja watakuambia unachotaka kusikia.

Kuhusu wale wanaosema siasa huleta biashara, ni kweli huleta, lakini si kwa picha. Mfano mzuri ni suti za Kaunda. Rais alipoanza kuzivaa kila mahali, wabunge wakafuata, wakafuata madiwani, wakafuata wazee wa harusi. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula akazipiga marufuku bungeni, na nina hakika marufuku hiyo ilizitangaza kuliko tangazo lolote. Mafundi wa suti za wanaume walivuna, wa Kisumu, wa Nakuru, wa Bungoma kwa Spika mwenyewe. Hakuna aliyeulizwa alipigia nani kura, kwa kuwa kilichosambaa ni mtindo wa kola na mifuko, na mtindo hauna kadi ya chama. Ukimshonea huyu mama vizuri, watu watauliza ameshonewa wapi. Atawajibu mwenyewe, mezani, kwa mdomo wake. Wateja wa namna hiyo huja bila jina la mheshimiwa kwenye ukurasa wako.

Sasa masharti, na haya usiyalegeze hata kama msaidizi ni mcheshi.

Malipo ya awali yawe angalau yanunue kitambaa, bitana, zipu na siku za vijana wako, yote, kabla ya mkasi kugusa nguo. Siku za kawaida unaweza kukubali nusu. Kwa kazi ya mwanasiasa hapana. Kila fundi wa mji huu ana hadithi ya fulana za kampeni zilizochukuliwa kwa haraka na kulipwa kwa ahadi, na ofisi za wanasiasa zina tabia ya kubadilisha wasaidizi katikati ya deni. Iliyobaki ilipwe siku ya kuchukua, nguo ikiwa bado imetundikwa kwako.

Andika kwamba nguo hazitakuwa na rangi rasmi, nembo wala kaulimbiu ya chama. Hili ndilo lililotofautisha suti ya Ralph Lauren na gauni la Soriano. Ile ilikuwa suti tu, aliyeivaa ndiye aliyeipa siasa. Lile lilikuwa bango la kuvaa. Ukishaandika kaulimbiu kwenye kitambaa, huwezi tena kusema ulishona tu.

Andika kwamba duka halitachapisha picha za mteja, na mteja naye asichapishe sura yako au ya vijana wako bila idhini yenu. Usione ni ukali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazitambua taarifa za mtu kuwa zake, na picha inayomtambulisha ni mojawapo. Zuri zaidi, sema hiyo ni kanuni ya duka kwa wateja wote wa hadhi ya umma, kisha uifanye iwe kweli. Akija wa upinzani kesho, naye asiposti. Baada ya miaka miwili ya kufanya hivyo utakuwa na kinga ya Ralph Lauren bila kampuni ya Ralph Lauren.

Ukiamua kukataa, kataa kwa heshima na kwa sababu ya kazi: nafasi imejaa, msimu wa harusi umebana. Usikatae kwa kutaja kabila la mtu wala anakotoka, hata kwa utani, hata kwenye kundi la marafiki. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi wa namna hiyo, na kinamkataza mtu binafsi, si serikali pekee. Na usitangaze kwamba umekataa. Theallet alitangaza kwa kuwa alitaka wengine wamfuate. Wewe hutafuti wafuasi, na kutangaza kukataa ni tangazo la kisiasa kama lile lile walilotaka ukaliweke, ila limegeuzwa upande.

Habari ikivuja, na Nakuru habari huvuja, usijibu siku ya kwanza. Matusi ya mtandaoni huwa na nguvu siku mbili tatu, na kila jibu lako ni kuni. Mteja wako wa kweli akikuuliza dukani, uso kwa uso, mwambie ukweli kwa sentensi moja: ndiyo, nimemshonea, amelipa kama wewe unavyolipa. Kisha endelea na kazi iliyo mezani. Anayetishia, hifadhi ujumbe wake na uupeleke polisi, kwa kuwa sheria ya makosa ya mtandaoni ya 2018 inamhusu. Anayekununia tu, mwache anune.

Kwenye kundi la wabunifu mimi ningesema mara moja, kabla hawajasikia kwingine: nimechukua kazi, sina picha ya kuposti, sina kampeni ninayoifanya. Kuna watakaojitoa. Kuna wengine watakaokuandikia pembeni, usiku, kukuuliza ulidai malipo ya awali kiasi gani.

Mpe huyo msaidizi masharti hayo kwa maandishi kabla ya wiki hii kwisha, bei ya nguo kwenye mstari mmoja na bei ya picha kwenye mstari wa chini yake ikiwa imeandikwa "haiuzwi". Akirudi na pesa za kitambaa, anza na gauni la hafla ya kwanza tu. Hizo mbili nyingine zisubiri mpaka la kwanza lilipwe lote.